Chokoleti Bila Ng'ombe

Wifi yangu ana mkono mzuri. Nalisema hili mapema, maana mtu akisikia haya atadhani nina langu jambo naye. Sina. Miaka kumi na tisa aliyoishi na kaka yangu tumegombana mara mbili tu, na zote mbili mwenye makosa nilikuwa mimi, ingawa sijawahi kumwambia hivyo.

Kazi yake ni kusaga matunda. Kibanda chake kimepakana na changu cha ushonaji, katikati ni ukuta wa mbao tu, na blenda yake ikinguruma meza ya cherehani yangu inatetemeka. Ubaoni kaandika kwa chaki: CHOKOLETI BILA NG'OMBE, BILA SUKARI. Wapita njia wanacheka, halafu wananunua. Ndizi anazisubiri ziive mpaka ganda liwe na madoa, anazimenya, anazikata vipande, anazigandisha. Asubuhi anazitia kwenye jagi pamoja na nusu parachichi, tende alizoloweka, vijiko viwili vya unga wa kakao na tui la nazi. Anafunika, anakandamiza kifuniko kwa kiganja, anawasha. Inatoka nzito mpaka mrija unasimama wenyewe. Na tamu! Mimi si mtu wa kusifia ovyo, lakini ile smuthi ni tamu.

Aliitunga kwa ajili ya kaka, figo zake zilipokufa.

Sasa hapa ndipo roho inaponiuma. Siku kaka alipoanza kusafishwa damu kwa mashine, wifi hakuweza kufunga kibanda, nikaenda naye mimi. Nesi alitukalisha, akaanza kueleza vyakula. Mama wa watu alieleza kweli, kituo kwa kituo, na karatasi akatupa. Na mimi? Mimi nilikuwa kwenye simu. Mteja mmoja alikuwa ananifokea kuhusu zipu ya gauni la harusi, nami nikaona nisipomjibu nitakuwa nimeonewa. Kaka naye alikuwa hoi, kichwa kimeegemea ukuta. Kati ya yote aliyosema nesi, nilidaka mawili: asinywe maziwa, apunguze chumvi. Karatasi sijui niliiacha wapi. Kwenye kile kiti, labda.

Nyumbani nikamwambia wifi, "Wamemkataza maziwa na chumvi." Basi. Kwa kujiamini kabisa, kama daktari bingwa.

"Hilo tu?" wifi akasema. "Maziwa ndiyo yatanishinda mimi?"

Akamtengenezea chokoleti yake. Glasi mbili kila siku, na kwa kuwa ni mgonjwa, anamzidishia ndizi. Kaka alikuwa hali chochote kingine. Hiyo alikunywa yote, akalamba na kijiko. Tukafurahi, jamani. Tulifurahi kama wapumbavu.

Wiki ya tatu, kati ya mashine ya Ijumaa na ya Jumatatu, moyo wake ulisimama. Alfajiri ya Jumatatu tulimfikisha hospitali keshaondoka. Wifi alianguka pale sakafuni, wanawake wakamshika, nami ndiye niliyeitwa pembeni na daktari. Akaniuliza alikuwa anakula nini. Nikamtajia, tena kwa fahari, ndizi, tende, parachichi, kakao, hakuna sukari hata punje. Daktari akaweka kalamu chini. Akaniambia taratibu kwamba vyote hivyo vimejaa potasiamu. Mwenye figo nzima anaikojoa. Figo zikifa inabaki kwenye damu, ikizidi inalegeza miguu na mikono, kisha inasimamisha moyo. "Hamkuelezwa?" akaniuliza. Nikasema hatukuelezwa. Nikamsingizia yule nesi, Mungu anisamehe.

Niliporudi kwa wifi, akanishika mikono. "Amesema nini?"

"Amesema siku zake zilifika."

Hivyo ndivyo nilivyosema, na miezi minne nikakaa na hilo donge. Nilijiambia namhurumia mjane. Uongo mtupu. Nilikuwa naogopa aniulize nani alikwenda kumsikiliza nesi. Na wifi, kila aliyekuja kumpa pole, alimwambia neno lile lile: "Angalau nilimpa vitu vya afya mpaka mwisho." Anasema hivyo, kisha ananigeukia. "Au siyo, wifi?" Nami najibu ndiyo, wifi. Nikawa nashona mikono ya mashati nje ndani.

Jumanne iliyopita akaja mwanamume mmoja, mtu mzima, faili la hospitali kwapani.

"Dada, nimesikia yako haina maziwa. Ni ya mama yangu. Anasafishwa damu, maziwa wamemkataza."

Uso wa wifi ulichangamka, sijauona hivyo tangu msiba. "Umefika, baba. Mume wangu nilimtunza kwa hii hii." Nikasikia friza ikifunguliwa. Nikasikia ndizi zinaanguka kwenye jagi, moja, mbili, na ile ya ziada ya mgonjwa.

Nikainuka na gauni la mtu begani. "Wifi, usimpe."

"Ee! Kwa nini, kuna nzi?" akacheka.

"Wenye figo hawatakiwi hiyo. Ndizi, tende, kakao, vyote hivyo. Baba, rudi kwa nesi wa mama yako, akueleze upya. Na umsikilize."

Yule bwana akatuangalia sisi wawili, akashukuru kwa sauti ndogo, akaondoka. Wifi akabaki ameshika kifuniko.

"Nani kakuambia?"

"Daktari."

"Lini?"

"Siku ile ile."

Nikamwambia yote, simu, zipu, karatasi, na jinsi nilivyomsingizia nesi. Sikujibakizia kitu. Nilitaka anitukane. Nilitaka anirushie hilo jagi, walahi ningelipokea kwa uso. Hakunitukana. Alikaa juu ya kreti la soda, akaanza kufuta mikono kwa aproni, mikono iliyokuwa mikavu.

"Jumapili ile alikataa," akasema.

"Alikataa nini?"

"Ile ya jioni. Aliniambia, mke wangu, miguu imelegea, leo sitaki. Nikamwambia inalegea kwa sababu huli. Nikamshika kidevu, wifi. Nikamnywesha kijiko kwa kijiko mpaka glasi ikaisha. Akaniambia asante."