Ukurasa wa Mwenye Asali

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka namwomba Mwenyezi Mungu msamaha, kisha namshukuru. Nilikuwa sijafika miaka arobaini. Nilikuwa na chumba cha kompyuta karibu na soko hapa Tabora, nikiwatengenezea wafanyabiashara wadogo tovuti zao, wakati ambao wengi mjini walikuwa hawajui tovuti ni nini.

Siku hiyo, baada ya adhuhuri, aliingia Mzee Maganga, muuza asali wa Sikonge, na vumbi la basi bado kwenye kofia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, lakini hakukaa.

"Binti, nifutie jina langu humo ndani. Lote."

Nikamuuliza kulikoni. Akasema kuna mama alisafiri kutoka Kaliua kufuata asali ya harusi ya binti yake, kwa sababu ukurasa niliomtengenezea ulisema asali mpya ipo, madumu arobaini. Asali ilikuwa imekwisha miezi mitatu nyuma. Yule mama akamwambia mbele ya majirani, "Mzee mzima unatangaza usichonacho?"

"Tangu nizaliwe sijaitwa mwongo," alisema. "Sasa natazamwa hata nikienda kisimani."

Nami, mwanangu, badala ya kumpa pole, nilijitetea. "Lakini mzee, nilikuonyesha hapa hapa namna ya kubadilisha mwenyewe ukiwa kwenye kompyuta za kukodi pale Sikonge. Ukasema umeelewa."

"Ningesemaje? Vidole vyako vilikuwa vinadonoa kama kuku kwenye mtama. Mtu wa umri wangu aseme hakuona kitu?"

Pembeni alikuwa ameketi Bi. Zuhura, aliyenisomesha Kurani utotoni, akingoja nimchapie barua. Akaniuliza taratibu, "Siku ulipomwonyesha, kipanya alishika nani?"

"Mimi, Bi."

"Na mimi nilipokusomesha, kijiti cha kufuatishia herufi alishika nani?"

"Mimi."

"Ulipokuwa ukikosea, nilikunyang'anya?"

Hakuninyang'anya kamwe. Alikuwa akisubiri, hata kama herufi moja ingetuchukua asubuhi nzima.

"Tulisoma wote kwamba mtu asiuze asichokuwa nacho," akaendelea. "Hilo tangazo la miezi mitatu, unadhani dhambi yake itaandikwa kwa mzee peke yake?"

Niliona haya, kwani kulikuwa na jambo ambalo hakulisema na mimi nalijua. Nilipenda kuhitajika. Nilipenda wenye maduka wanijie na karatasi zao mkononi, waniite mtaalamu.

Nikamwomba Mzee Maganga radhi, nikamwambia nitafuta akitaka, ila kwanza akae kwenye kiti changu. Akasita.

Bi. Zuhura akasema, "Kaa, Maganga. Unaingia kwenye mizinga yenye nyuki, utaogopa kitu kisichouma?"

Akacheka kidogo, akakaa. Mikono yangu niliifumbata mapajani ili isimwendee. Kila alipopotea nilimwambia maneno tu, na alirudi mwanzo mara nne. Alasiri ilipokaribia alikuwa ameandika: "Asali imekwisha. Mama wa Kaliua, nisamehe."

Nilitaka kumwambia kwamba biashara haiandikwi hivyo. Nikajizuia. Ukurasa ulikuwa wake, na jina lililochafuka lilikuwa lake. Alisoma maandishi yake mara mbili, akasema, "Basi usifute."

Msimu uliofuata sikumwona. Nilifungua ukurasa wake nikakuta maneno mapya ambayo sikuyagusa mimi: "Asali ipo, madumu sita. Yakiisha nitasema." Niliyasoma tena, na Alhamdulillah ikanitoka bila kuikusudia.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe unayewasaidia watu kazi hii leo, mwachie mwenye duka kiti. Akisema ameelewa, usimsadiki kwa heshima tu. Mwombe afanye huku unatazama. Mwachie aandike kwa maneno yake, hata yakikukera, maana ni yeye atakayeulizwa juu ya maneno hayo. Na ukiona moyo wako unafurahi kwamba bila wewe hawawezi, mwogope Mungu hapo hapo.

Mwenyezi Mungu akupe subira ya mwalimu, aisafishe riziki yako, na awajaalie uliowafundisha wakuombee dua hata siku ambayo hawatakuhitaji tena. Amin.