Saa ya Kukata Zege

Mwanangu, kuna siku moja ya Kobero ambayo bado naiona. Nilikuwa kijana wa Musinzira, hapa Gitega, nikapelekwa Muyinga na kampuni iliyojenga barabara ya zege karibu na mpaka, pale malori yanapopanga foleni kuingia Tanzania. Kazi yangu ilikuwa kusukuma msumeno wa kukatia zege. Maana zege, mwanangu, likikauka hunywea, na likinywea lazima lipasuke. Hakuna fundi wa kulizuia. Ufundi ni kulikata mistari mapema, ufa ujifiche chini ya mstari.

Mkubwa wetu alikuwa mhandisi Zaina, mama wa makamo, mpole wa sauti, mkali wa macho.

Tulimwaga zege alfajiri. Jua lilipopanda nikawasha mashine, nikitaka kumaliza mapema. Ujana huo.

"Buretse, ngoja! Zima!" Mama Zaina akachukua msumari, akakwaruza zege. Kokoto zikang'oka. "Umeona? Bado bichi. Ukikata sasa, kingo zote zitamomonyoka. Haraka haraka haina baraka."

Nikazima kwa aibu. Mara upepo mkavu ukaanza kuvuma, ukiharakisha zege kukauka, na mkurugenzi wa kampuni akaja na amri yake: mgeni mheshimiwa yuko njiani, hataki vumbi wala kelele mpaka mgeni aondoke.

Mgeni alichelewa. Alipofika, akaanza hotuba ndefu. Mama Zaina alikuwa akiinama kila mara na msumari wake, na sasa uliacha alama nyeupe tu. Zege lilikuwa limeiva. Tukatazamana. Kisha tukasikia mlio, ta! Bamba la kwanza la zege lilikuwa limepasuka mshazari, ufa mwembamba kama unywele.

"Washa," akaninong'oneza.

"Mama, shefu amekataza. Tungoje kidogo, mgeni iko anamaliza."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo. We washa. Nitajibu mimi."

Akaenda moja kwa moja hadi mbele ya mgeni, akainamisha kichwa. "Mheshimiwa, niwie radhi. Nikikungoja umalize, barabara hii itapasuka mbele ya macho yako."

Mkurugenzi alimkodolea macho ungedhani atammeza. Mimi nimeshika kamba ya mashine, tayari kuivuta.

"Basi kateni," mgeni akasema, akasogea pembeni.

Tulikata mpaka jua likazama. Lile bamba la kwanza tulilivunja; mengine yote yalisalimika. Lakini mkurugenzi hakusamehe. Alimwondoa Mama Zaina barabarani, akamrudisha Gitega kusimamia stoo. Siku ya kuondoka kwake nilimuuliza kama anajuta.

"Nijute nini, mwanangu? Malori si yanapita?"

Wazee walituachia methali mbili zinazogombana, moja inakataza haraka, nyingine inakataza kungoja. Nami nakwambia zote ni za kweli, ila kila moja ina saa yake. Jambo likiwa changa, vumilia, hata wenzako wakikucheka. Likikomaa, usijifiche nyuma ya heshima. Mkubwa huambiwa ukweli kwa adabu, lakini huambiwa. Na ukishausema, kubali yatakayokupata.

Mola akujalie macho ya kuitambua saa yako, na moyo usiotetemeka ikifika. Nenda na radhi zangu, mwanangu.