Doa Katikati ya Jua

Enzi zetu pale Makanyagio, mjini Mpanda, saa ya mkononi ilikuwa mali ya kurithishana. Aliyekuwa nayo alikunja mkono wa shati hata siku ya baridi, na asiyekuwa nayo aliuliza saa hata kama hakuwa na pa kwenda. Treni ikichelewa, na ilikuwa ikichelewa, watu walikuja kumuuliza baba yangu kana kwamba yeye ndiye aliyeichelewesha, kwa sababu baba alikuwa fundi saa. Meza yake ilikaa barazani kwetu, na sisi watoto tulilala na kuamka tukisikia saa za watu zikigonga, kila moja kwa wakati wake.

Mchana tulicheza rede, jioni kombolela. Tulikula ugali wa muhogo na samaki wakavu wa migebuka kutoka ziwani Karema, na mtu akirudi porini na asali tulitafuna masega mpaka koo likawasha. Betri za redio zikiisha nguvu zilianikwa juani, kando ya mahindi. Watoto wa siku hizi ukiwaambia tulikuwa tunaanika betri, wanakuuliza zilikuwa zimelowa na nini.

Kaka yangu Sitta alinizidi miaka mitatu. Yeye ndiye aliyetakiwa kurithi ile meza, na jambo hilo lilikuwa na haraka ambayo sisi wadogo hatukuambiwa, tuliiona tu. Macho ya baba yalikuwa yanakwisha. Kila baada ya muda alihitaji miwani yenye nguvu zaidi, na mama alikuwa ameanza kumtungia uzi kwenye sindano, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kushika vyuma vyembamba kuliko unywele. Hakuna aliyesema, lakini nyumba nzima ilijua kwamba kitakachotulisha baadaye ni jicho la kulia la Sitta.

Mafunzo ya baba hayakuanza na bisibisi. Yalianza na kutopepesa. Jioni, baada ya kunawa, alimbana mmoja wetu jichoni kile kioo cha kukuzia cha mafundi saa, akaweka mbele yake saa iliyofunguliwa, kisha akahesabu hadi mia moja, polepole, akigonga meza kwa kibanio chake. Ukipepesa, umeshindwa, rudi kesho.

"Jicho la fundi halikimbii," alikuwa akisema. "Ukipepesa wakati umeshika springi, umeshaua saa ya mtu."

Sitta alifika mia akiwa na miaka kumi. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni, lakini kope hazikutikisika. Mimi sikuwahi kuvuka arobaini.

"Mama, jicho lako ni toro," baba aliniambia. Aliniita mama kwa sababu nilichukua jina la mama yake, Nyamizi. "Wewe utakuwa karani."

Kwa hiyo nikawa karani. Nilikuwa na daftari la kurasa themanini, na ndani yake niliandika kila kitu Sitta alichofanya.

Mwaka ule alipokuwa darasa la saba, Sitta aliokota kwenye makabati ya parokia kitabu cha sayansi kilichopoteza jalada. Ndani kulikuwa na mchoro wa darubini ya kutazama mbingu: kioo kikubwa mbele, kioo kidogo nyuma, na mrija mweusi katikati. Alikitazama siku tatu. Siku ya nne akamwomba baba miwani yake ya kwanza, ile dhaifu aliyokwisha kuitupa kwenye droo, pamoja na kioo cha jicho cha akiba chenye ufa kwenye ukingo.

"Za nini?" baba akauliza.

"Za kuona mbali."

"Mimi hata karibu sioni," baba akasema, akampa.

Kitabu kilisema kioo kikiwa dhaifu, mrija unatakiwa uwe mrefu. Tulipima urefu wenyewe. Sitta alikielekeza kile kioo cha miwani juani, mimi nikashika karatasi nyuma yake, nikawa narudi nyuma taratibu mpaka lile duara la mwanga likawa nukta. Kamba tuliyopimia ilikuwa sawa na hatua moja ndefu ya mtu mzima. Kabla hatujamaliza kupima, karatasi ilitoa moshi mkononi mwangu. Tulicheka. Nimeiandika kwenye daftari, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne: karatasi imeungua, tumefurahi.

Mrija tulipata kwa Mama Vero, fundi cherehani wa jirani, ambaye vitenge vyake vilikuja vimeviringishwa kwenye bomba la karatasi ngumu. Ndani tulipaka masizi ya kibatari yaliyokorogwa na gundi, ili mwanga usirukeruke. Mbele tuliweka kioo cha miwani, na juu yake kipande cha boksi chenye tundu la ukubwa wa sarafu, kwa sababu bila hilo kila kitu kilikuwa na ukingo wa zambarau. Nyuma tulichomeka kile kioo cha baba kwenye kopo lililoingia na kutoka, mpaka taswira itulie. Tuliufunga mrija kwa mpira wa baiskeli kwenye mti wenye panda, tukausimamisha uwanjani.

"Fundi," Mama Vero akapiga kelele kutoka kwenye cherehani yake, "hawa watoto wako wanampiga nani na mzinga huo?"

"Wanampiga mwezi," baba akajibu bila kuinua kichwa.

Mwezi mchanga ulipotokea, kabla hata giza halijakaa sawa, foleni ilifika hadi barabarani. Mama Vero aliinama, akafumba jicho moja kwa kidole, akatazama.

"Kumbe mwezi una ndui," akasema. "Tena mmenipa uliopinduka. Hela yangu nirudishieni."

"Hujatoa hela, Mama Vero."

"Basi bomba langu."

Kwa wiki mbili zilizofuata Sitta alikuwa mtu mkubwa. Watu wazima walimwita fundi, na baba, aliyekuwa akimsikia kutoka mezani, alitabasamu akiwa ameinamia saa. Nadhani zile ndizo siku nzuri za mwisho nyumbani kwetu.

Kitabu kilisema jua lina madoa. Sitta alitaka kuyaona. Baba alikuwa ametuambia tangu mwanzo, mara moja tu, kama alivyosema mambo yote: "Mwezi chezeeni. Jua linatazamwa kwenye karai la maji, tena kwa kuinama." Ndivyo wazee walivyofanya jua lilipopatwa, walitandaza makarai uani wakatazama kivuli cha jua majini. Lakini karai halikuonyesha madoa. Tulijaribu.

Kitabu kilisema pia kwamba wanaotazama jua hutumia kioo cheusi. Hatukuwa na kioo cheusi. Tulikuwa na picha ya eksirei ya kifua cha mama, iliyokaa juu ya kabati tangu alipougua. Sitta alikata vipande viwili kwenye pembe, mahali palipokuwa peusi kabisa, akavipachika kwenye kopo la nyuma, pale jicho linapokaa. Akaliondoa lile boksi lenye tundu la sarafu, ili taswira iwe angavu.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Baba alikuwa amekwenda stesheni kupeleka saa ya mtu, mama alikuwa shambani. Sitta aliniambia niandike, kisha akasema, "Hesabu."

Mtu mwingine yeyote angelitazama jua lile mara moja akageuka, jicho lenyewe lingemkimbiza. Nilihesabu kama baba, polepole, nikigonga jalada la daftari kwa penseli. Sitini. Sabini. Machozi yalimshuka Sitta hadi kidevuni, na kope hazikutikisika. Aliponiambia baadaye kwamba hakusikia maumivu, nilimwamini, na daktari naye alisema hivyohivyo. Mia moja.

Aliinuka akiwa anacheka.

"Doa," akasema. "Andika. Doa moja kubwa. Katikati kabisa."

Niliandika. Kisha nikainama na mimi. Sidhani nilifika tano, jicho langu likakimbia kama kawaida yake. Lakini katika hizo tano niliona duara jeupe lenye rangi ya samawati kidogo, safi kama sahani. Halikuwa na doa.

Sikusema. Sitta alikuwa na jicho la mia moja, mimi nilikuwa na jicho toro. Nikaona kasoro ni yangu. Chini ya maneno yake niliandika: na Nyamizi ameona.

Jioni ile Sitta aliniuliza kama ukuta wa jikoni una moshi mahali fulani. Kesho yake kanisani alikuwa akigeuzageuza kichwa. Jumatatu aliniambia, tukiwa njiani kwenda shule, "Lile doa limenifuata." Akalitazama bango la shule, akasema limekaa juu ya herufi za katikati. Akitazama uso wangu, lilikaa juu ya pua na midomo.

"Utaona litaondoka," nilimwambia. "Usimwambie baba."

Ni mimi niliyesema hivyo. Si yeye.

Tulikaa nalo siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili mwalimu mmoja wa kike alileta saa ndogo ya dhahabu ya marehemu mama yake, na baba, ambaye hakuweza tena kuona ndani ya saa ndogo kiasi kile, alimwita Sitta akae mezani. Sitta alibana kioo jichoni. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Kibanio kilishuka, kikapita pembeni ya springi, kikarudi, kikaishika vibaya, ikanyooka yote kama uzi uliofumuka.

Baba hakupiga kelele. Alimvua kile kioo, akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ya wiki juzi. Nilitazama jua."

"Kwa muda gani?"

"Hadi mia."

Baba aliachia kidevu kile. Alikaa, mkono ukiwa juu ya meza, na vidole vikaanza kugonga vyenyewe, halafu akaviona, akavikunja.

"Nani alikuwa anahesabu?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Sitta hakugeuka.

"Nilihesabu mwenyewe," akasema.

Daktari wa macho aliyepita Mpanda msimu ule alisema nje jicho ni zima, ndani pameungua pale pa kuonea, na pakiungua pale hapaponi. Baba alijaribu kumfundisha jicho la kushoto. Walikaa miezi, jioni kwa jioni, hadi mia, lakini Sitta alikuwa ameanza kupepesa. Macho yote mawili. Alikuwa akipepesa kabla hata hesabu haijaanza. Baadaye alikwenda Litapunga kulima mahindi, akaoa huko. Meza nikaikalia mimi, mimi karani, nikajifunza kufanya kazi katikati ya kupepesa, mpaka saa za betri zilipojaa sokoni na watu wakaacha kutengeneza. Baba alifariki akiwa haoni kabisa. Mara nyingi alinishika mkono, akasema Mungu aliniacha mimi na macho ili tusife njaa. Sikumwambia nani alihesabu siku ile.

Siku hizi mtoto wa Sitta, Deo, anafundisha kompyuta hapa mjini. Mwaka jana alinunua darubini, mrija mweupe mfupi kama bilauri ya bia, akatuita tuone. Sitta alikuja na bodaboda kutoka Litapunga, vumbi hadi kwenye nyusi. Mbele ya mrija, upande wa juani, Deo alivalisha utando unaong'aa kama bati. Nilimuuliza kwa nini mbele.

"Ukiuweka nyuma, shangazi, moto wote umeshaingia na kukusanyika," akasema, kwa ile sauti ya vijana ya kuwaelimisha wazee. "Hata mtoto anajua."

Pahali pa jicho aliweka kamera ndogo, kubwa kidogo kuliko kizibo cha chupa, na waya wake ukaingia kwenye kompyuta barazani. Programu ilipiga picha mamia, ikatupa mbovu, ikapanga nzuri moja juu ya nyingine. Wakati wote huo Deo alikuwa kivulini, soda mkononi, mgongo kwa jua, na picha ilipotoka aliipiga tena kwa simu ili awatumie wenzake, ambao bila shaka nao walikuwa ndani ya nyumba zao. Hakuinua kichwa hata mara moja kulitazama jua lenyewe.

Kwenye kioo cha kompyuta jua lilikuwa duara safi, na vidoa viwili vidogo ukingoni.

Sitta aliinama. Aligeuza kichwa upande, kama kuku anayetazama punje, ndivyo anavyoangalia kila kitu.

"Viko pembeni," akasema. "Letu tuliliandika katikati."

"Kaka," nikasema. "Siku ile na mimi niliangalia. Sikuliona."

Deo alikuwa akishughulika na simu yake. Sitta hakuacha kutazama kioo.

"Najua," akasema. "Ungeliona, ungeniomba uangalie tena."

Kisha akamuuliza mwanawe kama picha inaweza kukuzwa, na Deo akaikuza, akabofya na kubofya, bila haraka yoyote, jua zima likakaa pale mbele yetu kwa muda tuliotaka. Nilijikuta nagonga mkono wa kiti kwa kidole. Nilipofika mia, kaka yangu alikuwa bado anatazama, na alikuwa akipepesa.