Daraja la Kwanza

Baba yangu hakujua kupatana bei, na wa kulaumiwa ni tumbaku. Kwetu Katumba mkulima hupeleka mzigo wake kuuza, mteuzi anaushika, anaunusa, anataja daraja, na bei inafuata daraja. Mkulima husimama pembeni, kofia mkononi, akingoja kuambiwa. Baba aliishi hivyo tangu ujana wake. Kwa hiyo mama alipofariki na kapu la sokoni likawa lake, alilipa chochote alichotajiwa, akashukuru, akaondoka.

"Wenzako wanaomba wapunguziwe," nilimwambia. Nilikuwa binti yake mkubwa, nikajipa kazi ya kumfundisha.

"Kwani mwenye mali hajui bei yake?"

Basi siku ya soko tulikula kama maharusi, na kabla wiki haijafika katikati tulikuwa tumerudi kwenye ugali na chumvi. Habari zikamfikia shangazi, dada yake mkubwa anayeishi Mpanda mjini, kule Nsemulwa. Akapiga simu. Alisema atakuja baada ya mavuno, na akikuta bado tunalia njaa, atamchukua mdogo wetu wa mwisho akamlee yeye. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na nyumba nzuri na mapenzi tele, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu nilijua mtoto akienda hatarudi. Mdogo wetu alikuwa halali mpaka ashike sikio la Baba.

Nikaongeza bidii ya ualimu. "Baba, sema ni ghali, halafu geuka kama unaondoka." Akasema ni ghali. Akageuka. Akaenda moja kwa moja mpaka nyumbani, huku muuzaji akimwita hadi sauti ikamkauka. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikakumbuka kwamba kapu ni tupu, nikalia.

Siku moja soko likiwa linafungwa, Baba alisimama mbele ya ndoo ya masalo, zile nyanya zinazobaki wenye hela wakishachagua. Zilizopondeka, zilizopasuka, mbichi, zote humo humo, kwa bei ya kutupa. Niliona aibu, mama asingezigusa. Lakini Baba aliinama, akashika moja, akaigeuza kwenye mwanga, akainusa. Nikamtambua. Ndivyo alivyoinama kila msimu mbele ya majani yake ya tumbaku.

Nyumbani alitandika mkeka akaanza kuchambua. Hizi za leo. Hizi za kesho. Hizi zingoje kuiva. Hizi tukate sehemu mbovu, tuanike zilizobaki. Na juu kabisa, mbali na zote, akaweka kifungu kidogo cha nyanya nyekundu, ngumu, zisizo na doa.

"Na hizo tuziuze?" nikauliza.

"Hilo daraja la kwanza." Akakisogeza kifungu karibu yangu. "Miaka yote daraja la kwanza nalipeleka kwa watu. Hili mle nyie."

Tangu hapo hatukununua kitu kilichochaguliwa. Maharage ya mchanganyiko, dagaa waliovunjika, viazi vidogo vidogo, vyote vilipita kwenye mkeka wa Baba. Na kila mara kifungu kile cha juu kilikuwa cha kwetu, cha mdogo wetu kwanza.

Shangazi alifika na mfuko mtupu wa kubebea nguo za mtoto. Hakukaa. Alifunua sufuria, akatia mkono kwenye gunia la maharage, akanusa dagaa, akabonyeza nyanya moja baada ya nyingine, akaniuliza bei, nikamtajia. Nikageuka kumtazama Baba. Alikuwa amesimama pembeni ya mlango, kofia mkononi. Moyo uliniuma kwa jinsi nilivyompenda.

Mdogo wetu alikuja mbio kutoka uani, akarukia mgongoni kwa Baba, akalishika sikio lake. Mdomoni alikuwa anatafuna nyanya, maji yake yakimtiririkia kidevuni.

Shangazi aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha akaukunja ule mfuko wake, mara moja, mara ya pili, akaupachika kwapani.

"Kesho nipeleke kwa huyo anayekuuzia hizi nyanya, kaka," alisema. "Na mimi natafuta za bei hii."

Baba akavaa kofia yake.