Foronya ya Shangazi

Yule ofisa wa jumba jipya la utamaduni pale Sumbawanga sikumpenda tangu mwanzo. Mtu anayekuita "ndugu yangu" mara tatu kabla hujakaa, huyo ana lake jambo. Lakini kazi ni kazi. Walitaka filamu ya jumba, kuanzia kukusanya vitu vya maonyesho mpaka uzinduzi, nikakubali.

Siku ya uzinduzi kulikuwa na baridi na upepo, kwaya inaimba, mgeni rasmi anakata utepe. Mimi kamera nilimwelekezea ofisa kuliko mgeni rasmi. Nilikuwa nachunga kitambaa cha shangazi yangu. Kilifumwa na babu yake kwa mkono, na shangazi alishatuambia wote kwamba siku akifa azikwe nacho. Ofisa alikuwa amekiazima kwa siku hiyo tu. Shangazi alikuja kutoka Malangali na foronya safi ya kukitia, akirudishe nyumbani.

Nikafika kwenye kabati la kioo kilimowekwa kitambaa. Kibao kimeandikwa: "Zawadi ya familia. Mali ya jumba." Nikamvuta ofisa pembeni.

"Yule mama aliwaazima tu," nikamwambia.

"Aliweka dole gumba, ndugu yangu. Na wewe mwenyewe ulirekodi."

Mwongo mkubwa wewe, nikasema moyoni. Nikaenda nyuma ya jukwaa, nikafungua kompyuta, nikatafuta picha za siku tuliyokwenda kwa shangazi kuchukua kitambaa. Nilitaka nimuumbue mbele ya watu wote.

Nikaziona. Ofisa anatoa karatasi. Shangazi anaisogeza mbali na macho, haisomeki, anageukia kamera.

"Imeandikwaje hii, mwanangu?"

Sauti inayojibu ni yangu, ina haraka: "Ya kawaida tu hiyo, shangazi. Weka dole, mwanga unatuishia."

Sikuwa nimeisoma. Hata mstari mmoja. Mpaka leo nikikumbuka nashikwa na aibu.

Nilipotoka, watu walikuwa wameshahamia kwenye pilau. Shangazi alikuwa amebaki kwenye kiti chake, foronya imekunjwa mapajani.

"Yule ofisa amekuja kunisalimia, sikumwambia kitu," akasema. "Hawa watu siwaamini hata kidogo. Nimekungoja wewe ukanichukulie."