Sahani ya Mama kwenye Mbio za Epsom

Enzi zetu, sisi watoto wa Kizanzibari tuliokulia Tottenham miaka ile ya sabini, sikukuu zilikuwa tatu: Idi mbili, na siku ya mbio za farasi kule Epsom. Baba alikuwa kondakta wa basi, mtu wa kazi mwaka mzima, lakini siku hiyo ya Juni aliiombea ruhusa mapema. Kamari kwetu haramu. Kila mtu alichagua farasi kwa rangi ya shati la mpandaji, na mshindi alikaa kiti cha mbele, ghorofa ya juu ya basi, tukirudi nyumbani.

Kwenye kilima cha kutazamia mbio kiingilio kilikuwa bure, na raha yake, jamani! Vitunguu vinakaangwa, wachezesha kamari wanapiga kelele juu ya masanduku, mabibi wamevaa kofia pana kama ungo. Farasi wakipita, ardhi inatetema mpaka unaisikia kifuani. Sijaona tena uzuri kama ule.

Mwaka mmoja Mama naye alikuja, kavaa gauni lake la Idi. Alikuwa na miaka miwili London na hakuna jirani aliyewahi kumpigia hodi. Tulipofungua kikapu chetu cha chakula, akasema, "Hatuwezi kula huku watu wanatutazama." Akajaza sambusa kwenye sahani yake ya kaure, ya pekee aliyotoka nayo nyumbani, akampa bibi wa Kiingereza aliyekaa karibu yetu. Yule bibi akashukuru, akainuka na sahani ya Mama akapotelea kwenye umati. Sisi watoto tuliona haya, tukajifanya hatumjui mama yetu.

Farasi wangu wa shati la manjano alishinda, lakini Mama hakumwona. Alikuwa anatazama kofia za watu, akiitafuta ya yule bibi.

"Mama Salma, twende," Baba akasema. "Sahani hiyo imeshakwenda."

"Sahani ya mtu hairudi tupu. Anatafuta cha kutia. Atakuja."

Nilimwonea huruma. Mzungu atajuaje mambo ya kwetu? Watu walikuwa wameanza kukunja mablanketi yao alipotokea yule bibi, anahema, kofia mkononi, sahani imejaa matunda ya cheri. Alisema alizunguka kilima kizima, kwa kuwa asingeweza kuirudisha tupu. Mama alimshika mkono akalia. Kiti changu cha mbele kwenye basi nilimpa Mama.

Siku hizi wajukuu wangu hapa Wembley wanatazama mbio kwenye simu, dakika tatu zimekwisha, wanarudi kwenye michezo yao. Mama hayupo tena, sahani ninayo mimi. Wiki iliyopita niliijaza sambusa nimpelekee jirani mpya. Mjukuu wangu akashtuka, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba watu hawapigiwi hodi bila kutumiwa ujumbe kwanza. Nikaenda hivyo hivyo. Jirani aliipokea mlango nusu wazi, akashukuru, akafunga.

Leo ni siku ya sita. Kila nikisikia hatua nje, nainuka.