Kazini kwa Mkwe, Simameni

Mjini Limbe, mtu akipata kazi mpya, watu hawaanzi kumuuliza mshahara. Wanamuuliza, "Huko wanazika?" Maana yake, ukifiwa, lori la kampuni litakuja? Wenzako watapanda nyuma, wafike kijijini kwenu, wakae chini na ndugu zako walie nao? Ukijibu ndiyo, basi una kazi. Ukijibu kwamba hujui, watakuonea huruma hata kama umefunga tai.

Wyson Namalomba aliyajua hayo kuliko wengi, kwa kuwa lori lenyewe alikuwa akiliendesha yeye. Alikuwa dereva wa kiwanda cha sabuni cha bwana Makwinja. Lori lilikuwa bovu la kutupwa, mlango wa dereva ulifungwa kwa kamba, na kilima cha Thyolo lilikipanda kwa maombi. Mshahara ulichelewa. Miezi mingine Makwinja aliwalipa nusu fedha, nusu miche ya sabuni, huku akiomba radhi mpaka unamhurumia. Lakini akifiwa mtu, mashine zilizimwa, Makwinja akavaa koti lake jeusi lililopauka, na Wyson akawasha gari. Alifika Phalombe, alifika Chiradzulu, alifika vijiji ambavyo njia yake ni ya mbuzi.

Aliyechoka alikuwa mkewe, Enelesi.

"Sabuni tunayo ya kuogesha mji mzima," alisema siku moja, akiukung'uta mfuko wa unga uliokwisha. "Sasa nikoroge povu, tule?"

"Subira, mama Tadala."

"Subira haichemki sufuriani, baba Tadala. Ile kampuni ya malori ng'ambo ya reli wanatafuta madereva. Nenda."

Akaenda, wakamchukua. Makwinja hakukasirika, alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Nenda, baba. Watoto hawali urafiki." Wyson akatoka pale na miche sita ya sabuni kwapani, moyo mzito.

Na nisimsingizie mtu, kampuni mpya ilikuwa nzuri. Mshahara uliingia siku ile ile iliyosemwa. Walipewa viatu vigumu, makoti ya mvua, na chai ya maziwa saa nne. Malori yalipanda mlima yakinong'ona. Mkuu wa tawi, madam Mhango, mwanamke wa Rumphi kule kaskazini, hakumfokea mtu hata mara moja. Enelesi alinunua mabati ya nyumba ya mama yake kijijini, na mama mkwe, bibi Nasibeko, akampigia Wyson simu kucheka tu: "Mkwe wangu, sasa mvua naisikia, siioni!"

Kwa watu wa kule, mwanamume akioa ni mgeni ukweni maisha yake yote. Nyumba ni ya mke, watoto ni wa upande wa mke, na mkwe hupimwa kwa anachofanya. Bibi Nasibeko alimpenda Wyson. Ndugu zake walikuwa bado wanapima.

Mwezi wa saba, katika ile baridi ya manyunyu yasiyokwisha, bibi Nasibeko akafa.

Wyson alikwenda kwa madam Mhango, kofia mkononi. Madam alisimama, akampa pole ya kweli kabisa, akamwandikia likizo hapo hapo. Kabla Wyson hajafika getini, simu ikalia mfukoni: rambirambi ya kampuni imeingia, na ilikuwa nono. Alisimama pale getini akisubiri kidogo, akidhani labda kuna mtu atakuja kumuuliza kijiji kiko wapi. Mlinzi akamfungulia, akamwambia pole, akafunga.

Angewapigia simu watu wa sabuni, wangekuja hata kwa miguu. Lakini uso wa kuwapigia hakuwa nao. Utamwachaje mtu kwa ajili ya hela, kisha umwite akulilie?

Fedha ilifanya kazi yake, tuseme ukweli. Jeneza lilikuwa la mninga, mchele ulikuwepo, ng'ombe alichinjwa. Enelesi alikuwa ndani na wanawake, sauti imekauka. Nje, karibu na moto, wale wajukuu wachimba kaburi, ambao kwa mila yao wana ruhusa ya kumtania mtu yeyote hata msibani, walimzunguka Wyson.

"Mkwe, lori lako liko wapi? Tumelisafishia njia tangu jana!"

"Labda limekwama."

"Limekwama? Lile la sabuni la zamani halikuwahi kukwama, na lilikuwa halina breki!"

Watu wakacheka. Wyson naye akacheka, maana ndiyo desturi, utani wa msibani haukasirikiwi. Lakini masikio yalikuwa yakiwaka moto.

Makaburini, kaburi lilipokwisha kufukiwa, mwenye kuongoza shughuli akaanza kuita watu waje waweke maua. Wajukuu waliweka. Akina mama wa kanisa waliweka. Kisha akatazama karatasi yake, akapaza sauti, "Kazini kwa mkwe, simameni!"

Hakusimama mtu.

"Kazini kwa mkwe! Bwana Namalomba ni mfanyakazi wa kampuni kubwa ya malori. Wenzake wasimame, tuwaone, tuwashukuru!"

Watu walianza kugeuza shingo. Wyson alitazama nyuma yake kama wengine wote, sijui alitegemea kumwona nani. Kisha akasimama peke yake, akachukua ua, akatembea nalo mpaka kaburini huku manyunyu yakimpiga usoni. Mjukuu mmoja akasema, si kwa sauti kubwa, "Kampuni imo kwenye simu yake. Mwambieni aizike simu tuone kama italia." Safari hii hakucheka mtu. Mjomba wa Enelesi, mzee Masitala, aliinamisha kichwa kwa aibu. Enelesi alikuwa akimtazama mumewe, na Wyson hakuweza kumtazama.

Walirudi Limbe. Enelesi hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuuma. Alipika, alifua, alijibu akiulizwa.

Wiki chache baadaye, mtunza stoo wa kampuni, kijana mpole aitwaye Lufeyo, akafiwa na mama yake kule Chiradzulu. Wyson alikuwa anaosha lori alipomwona akitoka ofisini na barua ya likizo, kisha akasimama pale pale getini. Anasubiri. Simu ikamlia mfukoni. Mlinzi akaanza kufungua.

"Lufeyo!" Wyson aliita. "Usiondoke. Ngoja hapo."

Akaingia ofisini na mikono yenye povu. Bado alikuwa katika miezi ya majaribio. Neno moja baya, angerudishwa mtaani.

"Madam, naomba lori."

"La kwenda wapi?"

"Msibani kwa Lufeyo. Mimi na watakaotaka."

"Lakini Lufeyo ameshatumiwa rambirambi, bwana Namalomba. Sasa hivi."

"Najua. Hata mimi nilitumiwa."

Madam Mhango aliweka kalamu chini. "Haikufika?"

"Ilifika, madam. Nashukuru. Hela ilifika. Watu ndio hawakufika." Akamweleza: maua, yule mwenye kuongoza shughuli, shingo za watu. Alieleza haraka haraka, macho chini, na alipofika kwa mzee Masitala akaishia hapo.

"Mbona hukusema?" madam aliuliza kwa upole. "Si ungesema tu?"

"Mtu ataomba likizo, madam. Ataomba mkopo. Kuomba kuliliwa, nani anaweza?"

Madam alimtazama Lufeyo kupitia dirishani, bado amesimama kwenye baridi.

"Hata kwetu Rumphi tunazikana," alisema hatimaye. "Baba yangu alizikwa na kazini kwake wote, mpaka mfagizi. Hapa sijui tulidhani sisi ni akina nani." Akasimama, akafungua kabati, akatoa kitenge, akajifunga juu ya sketi yake ya ofisini. "Zungusha gari. Na zima hiyo mashine ya kupakia, wote wasikie."

Basi wakaenda. Makarani walipanda nyuma na wapakiaji, wakaminyana, wakagundua njiani kwamba fundi wa magurudumu anajua kuimba sauti ya nne. Madam alikaa mbele kwa Wyson na gunia la unga miguuni.

Wyson alirudi nyumbani jioni ya siku ya pili, matope mpaka magotini. Enelesi alikuwa barazani anamenya mbaazi.

"Mlikwenda kweli?"

"Tulikwenda."

"Na madam?"

"Alikaa chini mkekani na wanawake. Alilia yule mama, we! Utadhani wa kwao."

Enelesi aliendelea kumenya. "Walipoitwa kuweka maua?"

Wyson alivua viatu polepole. Alitamani kudanganya, lakini mkewe angejua. "Walisimama wote. Mpaka mlinzi. Maua yalikuwa hayatoshi, wengine wakachuma majani."

"Lufeyo kafurahi."

"Alinishika mkono hakuuachia."

"Umefanya vizuri, baba Tadala. Kazi sasa unayo." Alisema kwa moyo mmoja, bila kejeli, na Wyson akapumua. Kisha mikono ya Enelesi ikasimama juu ya ungo, na machozi, yale ambayo hakuyatoa tangu warudi kutoka kijijini, yakaanza kudondoka juu ya mbaazi.

"Na mama yangu je?" alisema. "Mama yangu alisimamiwa na nani?"

"Na mimi," alisema Wyson.

"Na wewe," alisema Enelesi. "Peke yako."

Wyson akakaa chini kando yake, akavuta ungo upande wake kidogo, akaanza kumenya.